Mkono wa Fredrick

Siku hizo Fredrick alikuwa hautoi mkono wa kulia mfukoni, na Misbah, bosi wake, hakuwa na raha. Katika duka lake la vitambaa pale Tegeta, hakuna aliyejua kufungua jora kama Fredrick: alilipindua kwa kifundo cha mkono, kitambaa kikajitandika chenyewe juu ya kaunta. Sasa alilifungua kwa mkono wa kushoto, taratibu, huku amelibana kifuani.

"Anaficha kitu huyo," Raza, kaka yake Misbah, alimwambia kwenye simu. "Mie muuzaji wangu alinimalizia duka hivyohivyo. Mfukuze leo!"

Jioni Misbah alimkabili. "Fredi, toa mkono."

Akautoa. Mtupu. Lakini alipouegemea ili ainuke kitini, aliguna.

"Unaumwa, au unaniigizia?"

"Siumwi, bosi."

Shaka ikazidi. Asiyeumwa anaguna nini? "Kesho twende kliniki. Ukiwa muongo, kwangu hurudi."

Huko kliniki, mtaalamu wa viungo aliyeitwa Tusajigwe aliubonyeza mkono sehemu nyingi. Fredrick alikaa kimya. Alipobonyeza kishimo kilicho upande wa kidole kidogo, Fredrick aliruka. Alipoukunja upande huo na kuuzungusha, machozi yakamtoka.

"Na kama anaigiza?" Misbah aliuliza.

"Muongo hajui pa kulilia, mama. Angelia kila nilipogusa." Tusajigwe akaeleza kwamba kati ya mifupa ya upande ule kuna gegedo dogo, kitu laini kama mto, na kuupindapinda mkono kila siku hulichosha, hata kulichana. Wangepiga picha kuhakikisha hakuna mfupa uliovunjika. Kisha angevaa kifaa cha kuushikilia mkono kwa wiki kadhaa bila kuuzungusha, halafu mazoezi. Mkono usipopona, angeonwa na daktari wa mifupa.

Nje, Misbah alisimama ghafla.

"Kwa nini ulinificha?"

"Muuza vitambaa asiye na mkono ni wa nini, bosi? Ungeniacha."

"Nilikuwa nakufukuza kwa sababu ya huko kuficha!"

Simu ikaita. Raza. "Umeshamtoa?"

Misbah alimtazama Fredrick, aliyekuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri hukumu. "Yuko kazini," alijibu. "Majora nitafungua mie. Yeye atapiga domo na wateja."

Fredrick akainua kichwa. "Bosi, utayaangusha yote."

"Basi utaniokotea. Kwa mkono wa kushoto."