Beseni Chini ya Taa

Kitu cha kwanza nilichokiona hakikuwa nyumba. Kilikuwa ukingo wa beseni la buluu, chini ya taa ya bustani, umebanduka rangi mahali pamoja: palepale lilipogonga jiwe siku lilipoponyoka mikononi mwangu, nikiwa mdogo. Wenzangu wote ndani ya boti walikuwa wameinua nyuso kutazama maghorofa. Mimi nimezoea kutazama chini.

Ilikuwa Jumamosi ya harusi ya Gracieuse, binti wa shangazi yangu Jokébed. Siku hizi, Butembo, harusi ambayo haijakizunguka kisiwa cha Belle-Rive ni kama haijafungwa. Watu hutoka kanisani, hushuka bondeni upande wa Musienene, huvaa majaketi ya kuelea juu ya nguo za sherehe, kisha hupigwa picha mbele ya nyumba ambazo hawaruhusiwi kukanyaga hata ngazi zake. Kazi yangu ilikuwa kushika shela ya bibi harusi isiguse maji.

Mama alikataa kuja. "Maji yale siyajui," alisema asubuhi. Akachukua jembe lake dogo akaenda makaburini mjini, kama afanyavyo kila Jumamosi, kumpalilia mdogo wangu Ananie.

Aliyetutembeza aliitwa Manassé. Alikuwa kijana mchangamfu, mwenye kipaza sauti ambacho hakukihitaji.

"Ba-mama na ba-papa, muangalie kwa mukono ya kuume! Ile nyumba, vioo yake yote ilitoka Dubai. Mwenyewe anaishi Kampala, anakuja Noeli tu. Mutu akitaka kuingia mule, aoe binti yake. Éliakim, pole, ndugu yangu, wewe umekwisha kuchelewa!"

Boti nzima ilicheka. Éliakim, bwana harusi, alijifanya kutaka kuruka majini, na Gracieuse akamvuta kwa tai.

"Na munajua hapa zamani ilikuwa nini?" Manassé aliendelea. "Bure! Haikukuwaka mutu. Matope na vyura. Vyura ndiyo bilikuwa na parcelle, kiwanja yao!"

Wakacheka tena, na shangazi Jokébed akacheka pamoja nao. Nilimtazama. Alikuwa akicheka kwa mdomo tu, macho ameyaelekeza kwenye mkoba wake.

Vyura wale ni sisi.

Kisiwa hiki hakikuwa kisiwa. Kilikuwa kilima kidogo katikati ya bonde, nyumba yetu juu, kabichi na viazi vyetu chini. Kila mwaka mama alimpelekea chifu mbuzi wa muhako, heshima ya mtu anayelima ardhi ya mwenzake. Mwaka ule wa mwisho mbuzi alipokelewa, akashukuriwa, akaliwa. Nyama yake haijasahaulika mdomoni, chifu akaliuza bonde zima. Wanunuzi wakajenga ukuta mahali mto unapotoka bondeni, maji yakarudi nyuma, yakapanda juu ya kabichi zetu zikiwa bado mbichi. Mimi nikatoka darasa la nne, nikaanza kubebea watu mizigo sokoni.

Ananie alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba. Homa ilimchukua kabla hajajua kutamka jina langu vizuri. Aliniita Nyere, kwa sababu Kanyere lilimshinda. Lile beseni la buluu ndilo mama alilomwogeshea tangu siku ya kuzaliwa, na ndilo alilomwoshea mara ya mwisho. Kwetu chombo cha namna hiyo hakirudi jikoni. Bibi alilitoboa katikati kwa msumari wa moto ili pasiwe na mtu wa kulitamani, akalifunika juu ya kaburi, na baba akalizungushia simenti kwa mikono yake. Baadaye baba aliuawa kwenye njia ya Beni, na mwili wake hatukuuona. Kwa hiyo kaburi la Ananie ndilo kaburi pekee tulilo nalo. Mama akilia pale, huwalilia wawili.

Wakati wa kuuza, walikuja wajumbe wa wanunuzi, wenye viatu safi. Makaburi yatahamishwa kwa heshima, walisema. Tusije kuangalia, ni kazi ya wataalamu. Tungoje makaburini mjini. Tukangoja. Wakaleta kisanduku kilichopigiliwa misumari, mchungaji akaomba, tukaimba. Mama aliuliza jambo moja tu: "Na beseni yake?"

Wakamwambia lilivunjika.

Sasa boti ilikuwa imepunguza mwendo, ikaikaribia ile bustani. Nyasi zake zilikuwa zimekatwa sawasawa kama kichwa cha askari. Nguzo ya taa ilipita katikati ya beseni, tundu la bibi wamelipanua, na kandokando yake wamepanda maua ya njano. Simenti ya baba ilikuwa pale, na alama za vidole vyake. Wataalamu hawakuwa wameigusa.

"Hapa ndiyo pazuri kuliko pote," Manassé alisema, akazima injini. "Photo! Bibi harusi, simama hapa, taa ikuwe nyuma yako."

Gracieuse alisimama. Nikabaki nimeshika shela, na maneno yakatoka kabla sijayazuia, madogo sana.

"Ile beseni imetoka wapi?"

"Unasema?"

"Ile beseni. Kwa taa."

"Ah, ile! Décor, dada, pambo tu. Ilikuwa hapo hapo. Mwenye nyumba alisema iachwe, anapenda vitu vya zamani. Wafanyakazi walitaka kuchimba, simenti ikawashinda. Donc, wakasimamisha taa juu yake, basi."

"Hawakuchimba?"

"Bachimbe kwa nini? Kuna dhahabu?" Akageukia watu. "Huyu dada anatafuta dhahabu, mumuangalie, atarudia hapa usiku na beleshi!"

Walicheka mara ya tatu. Mpiga picha akaninyooshea kidole. "Wewe wa shela, cheka kidogo. Uso kama ya matanga, na tuko kwa harusi!"

Shangazi Jokébed alinishika mkono, akaubana. Akaninong'oneza.

"Nimeiona, Kanyere. Nimeiona tangu tulipokata kona. Lakini nyamaza, mwanangu. Usimuharibie yaya yako, dada yako mkubwa, siku yake. Tutazungumza nyumbani."

Nyumbani. Nyumbani kwetu ni pale, chini ya nyasi zile. Nilikuwa nimenyamaza mbele ya wajumbe kwa sababu nilikuwa mtoto. Nilinyamaza sokoni kwa sababu mwenye mzigo hajibiwi. Nilinyamaza kanisani, nilinyamaza kwa majirani, mpaka watu wakaniita mpole, wakanisifu. Na upole wangu ule wameupandia maua ya njano, wakautia taa, wanautembelea kwa boti.

Niliachia shela. Ikaanguka majini, ikavimba kama povu, Gracieuse akapiga kelele.

"Kanyere! Uko na nini?"

Nilikuwa nimesimama. Boti ikayumba, Manassé akaniamuru kukaa, akasema wakazi hawapendi fujo, watamfukuza kazi. Sikukaa. Sauti yangu haikutetemeka, nami niliistaajabia kana kwamba ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hapa tulikuwa watu," nilisema. "Nyumba yetu ilikuwa pale penye kile kidimbwi cha kuogelea. Na chini ya taa hiyo kuna mdogo wangu. Shangazi, waambie."

Hakuna aliyecheka. Wote walimgeukia shangazi Jokébed. Alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Kisha akavua kofia yake ya harusi, akaiweka mapajani, akainamisha kichwa kuelekea bustanini.

Gracieuse aliigeukia taa. Shela ilikuwa bado inaelea, na hakuna aliyeivuta.

"Ananie?" aliniuliza.

Nikaitikia kwa kichwa. Nikatoa simu, nikapiga. Mama alipokea akihema, kama mtu aliyekuwa ameinama.

"Allô, mwanangu. Harusi imekwisha? Mimi niko bado hapa kwa Ananie. Majani yameota sana wiki hii."

Nilisikia jembe lake likigusa jiwe. Mbele yangu, ingawa kulikuwa mchana, ile taa ilikuwa inawaka.

"Mama," nilisema, kwa sauti ambayo boti yote iliisikia, "weka jembe chini. Hapo hauko kwake. Mimi ndiye niko kwake."