Futa Tukio Hili Tu

Kisa hiki hakuna anayekijua kuliko mimi, toka mwanzo mpaka mwisho. Mwanzo wenyewe nilisimuliwa na kinyozi, lakini mwisho nilikuwepo, nimekaa kwenye benchi lake.

Mama Fundi alikuwa anashona kola ya shati, na mzee wake amezikwa juzijuzi tu, mwanawe karani wa bima alipotoa simu na kuandika kwenye kalenda yake: Kwa mama, kila Jumamosi, saa nane mchana, bila mwisho. Akauweka mwaliko kwenye simu ya mama pia, ili wote wawili wakumbushwe. Mama akasema leo amejua kwa nini watu huzaa, akakata uzi kwa meno.

Alikuja kila Jumamosi mwezi mzima. Kisha kazi ikamshika. Ijumaa moja akataka kuifuta ziara ya kesho, simu ikamuuliza: tukio hili tu, au hili na yote yajayo? Kufuta yote aliona ni kujitafutia laana. Akabonyeza hili tu. Simu ya Mama Fundi ikalia kwamba Jumamosi imefutwa, naye akalala Ijumaa, akaamka Jumapili.

Haukuwa usingizi. Jumamosi ile nyumba yake haikuwepo. Ukuta wa kinyozi ulikutana na ukuta wa duka la sabuni, hata wembe usingepita. Jumapili asubuhi nyumba ikarudi, birika la Ijumaa bado linachemka, nguo alizoanika jioni bado zinachuruzika.

Ikawa hivyo karibu kila wiki. Wateja wakazoea, hakuna aliyeahidiwa gauni la Jumamosi. Kinyozi alimtania kwamba atawazika wote, maana siku zake hazitumii. Mara moja kijana hakufuta, aliihamishia Jumanne. Mama Fundi akapata Jumanne mbili mfululizo, akamaliza sare za shule. Mwana hakutokea katika zote mbili.

Lakini mama akawa hatulii. Ikifika Ijumaa alizunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga, anafagia palipofagiwa, anaivizia simu, anaifunika kwa kitambaa, anaifunua.

Ndipo mdogo wake akapiga. Alikuwa anahamia kwa wanawe, mbali sana, safari ambayo watu wa umri wao hawaendi mara mbili. Basi lake lingepumzika hapa Jumamosi, mchana tu, nao waonane.

Mama Fundi akamtafuta mwanawe siku hiyohiyo.

"Ama uje, ama ufute yote," alimwambia. "Sitaudhika."

"Nikufute, mama? Mimi si mtoto wa hivyo."

"Futa, baba. Jumamosi zangu nitazitumia mwenyewe."

"Nakuja. Mwambie mama mdogo nakuja kumsalimia."

Ijumaa Mama Fundi alitandika shuka jipya, akasimama mlangoni ameushika mwimo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia mbuzi asitoroke. Simu ikalia. Alipopepesa macho ilikuwa Jumapili, mikono bado imeushika.

Mdogo wake alikuwa amekuja. Alisimama mbele ya zile kuta mbili, kinyozi akamweleza, naye hakubisha. Alisema kwake pia yuko mkwe wa namna hiyo. Alingoja mpaka basi likapiga honi, akavua shali lake, akaliacha kwa kinyozi.

Mama Fundi alikuja kulichukua Jumapili hiyohiyo asubuhi, nami nipo benchini. Alijifunga, akalinusa, kisha akampigia mwanawe na kuweka sauti kubwa, kwa kuwa sikio lake moja ni la mapambo.

"Mama, jana nilikuja," kijana akawahi hata kabla ya salamu. "Nimegonga mlango mpaka vidole vikaniuma. Mlikuwa wapi, wewe na mama mdogo?"

Kinyozi akazima mashine. Mteja aliyenyolewa nusu ya kichwa akainua macho.

"Uligonga mlango gani, mwanangu?"

"Wako, mama. Nikakaa hata hapo kizingitini, nikawasubiri."

"Jana hapakuwa na mlango. Hapakuwa na kizingiti. Kinyozi huyu hapa, anakusikia."

Kijana akakohoa.

"Basi nimechanganya siku," akasema. "Nilikuja Jumapili."

"Jumapili ndiyo leo, baba," Mama Fundi akasema. "Tena ndiyo kwanza kumekucha."