Kasi ya Idara ya Vibali

Idara ya Vibali haijawahi kusifiwa kwa kasi. Ukileta ombi la kujenga choo, siku utakayopewa jibu choo utakuwa umeshakijenga, kimejaa, na unachimba cha pili. Nayajua haya kwa sababu nilikaa mapokezi, dirisha la kwanza kushoto ukiingia, na matusi ya wananchi yalipita kwangu kabla ya kupanda ghorofani. Huko juu hayakufika hata siku moja. Yote niliyameza mimi.

Nilikuwa kibarua. Ofisini wanasema "mtumishi wa muda", lakini muda wenyewe ulikuwa umevutwa mpaka watu walioajiriwa baada yangu walishaanza kunituma chai. Kila mwaka niliambiwa nitathibitishwa. Mama, ambaye nilikuwa naishi naye, alichoka kuulizwa na ndugu, akawatangazia wote kwamba nimeshathibitishwa. Kisha jioni nikirudi ananiuliza yeye.

"Vipi, wamekuthibitisha?"

"Bado, mama."

"Basi fanya haraka. Mama zako wadogo wanajua tayari."

Mambo yalibadilika Mkurugenzi wetu alipotaniwa mkutanoni na mkubwa wake. Timu yetu ya kikapu ilikuwa ya mwisho katika mashindano ya idara mwaka uliotangulia, na yule mkubwa akasema mbele ya watu kwamba Vibali hata uwanjani ombi lao bado linashughulikiwa. Watu walivunjika mbavu. Mkurugenzi alirudi amevimba, akaniita ofisini kwake, mara ya kwanza tangu nianze kazi.

"Binti, nasikia chuoni ulicheza kikapu."

"Nilicheza, mzee."

"Sasa utatufundisha. Nataka kasi. Niletee kikombe, nami nitakuthibitisha. Hilo ni neno langu."

Nilishuka ngazi miguu haigusi chini. Kasi ndiyo kitu nilichokijua kuliko vyote. Mpinzani akikosa kikapu, mpira unadakwa ubaoni, na kabla aliyeudaka hajatua chini anajua anampa nani. Wa pili yuko pembeni kabisa ya uwanja, anaupokea na kuurusha mbele palepale. Wa tatu alishaondoka zamani, mpira unamkuta njiani. Pasi chache, hakuna kudundadunda, na mnafunga wakati wapinzani bado wanageuka. Nikawaambia vijana wangu, ambao wengi walikuwa na vitambi: mpira hauchoki, mnaochoka ni ninyi, kwa hiyo uacheni mpira ukimbie.

Tulifanyia mazoezi kwenye uwanja wa nyuma ya jengo, baada ya kuyasogeza magari ya wakubwa. Mhasibu alikuwa mrefu na mpana, basi nikampa kazi ya kudaka. Akadaka vizuri tu. Kisha akaukumbatia mpira kifuani na kuniuliza, "Huu unakwenda kwa nani?"

"Kwa Masijala!"

Masijala, anayetunza majalada yote ya ofisi, akaupokea kwa mikono miwili, akaugeuza, akautazama upande wa pili. Akampa Afisa Utumishi. Afisa Utumishi akasema siku nyingine wajulishwe mapema. Halafu, kwa adabu zote, akampelekea Mkurugenzi, aliyekuwa anatembea katikati ya uwanja. Mkurugenzi akaudunda mara kadhaa huku akitafakari. Tungekuwa na wapinzani siku hiyo, wangekuwa wamesharudi kwao, wamejipanga na wanapiga soga.

Hapo ndipo nilipouona ugonjwa. Katika jengo lile hakuna kitu kinachotoka bila kupita kwa Mkurugenzi, na miili yao ilikuwa imeshazoea. Mbele kabisa, chini ya kikapu, Dereva wa Mkurugenzi alikuwa amesimama peke yake, anahema. Yeye ndiye pekee aliyenielewa.

"Dada, mimi nikimbie tu?"

"We kimbia."

"Na mpira?"

"Utakuja."

Haukuja. Nilijaribu kusema na Mkurugenzi mwenyewe. Nikamwomba kwa upole kwamba mpira ukishadakwa, labda usipitie kwake kwanza. Masijala akainama kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Baadaye Afisa Utumishi alinivuta pembeni. "Dada yangu, hayo uliyosema si utaratibu."

Mechi ya kwanza tulikutana na watu wa Maktaba. Mkurugenzi aliishiwa pumzi mapema, akatoka kwenda kupumzika, nami nikashukuru kimoyomoyo nikijua sasa tutaona kasi. Mhasibu akadaka mpira ubaoni, Dereva akafyatuka, njia nyeupe mbele yake. Mhasibu akatazama kulia, akatazama kushoto, akamwona Mkurugenzi benchini anakunywa maji, akampa. Nje ya uwanja kabisa! Mkurugenzi akaupokea akiwa amekaa na kusema, "Ahsante." Refa akapuliza filimbi huku anacheka. Nikamfokea Mhasibu, akaniomba radhi, na muda si mrefu akarudia kosa lilelile. Tulishinda, ndiyo, lakini ni kwa sababu watu wa Maktaba walicheka mpaka wakaishiwa nguvu za kukimbia.

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Nikiwa naosha vyombo nikapata akili. Watu hawa sitawabadilisha, ila Mkurugenzi naweza kumhamisha. Kama mpira lazima uende kwake, basi yeye akakae pale ninapotaka mpira uende.

Kesho yake nikamwendea nimejaa heshima mpaka shingoni. "Mzee, kiongozi hutangulia. Wewe simama mbele, chini ya kikapu chao. Sisi huku nyuma tutakuletea."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Hilo ndilo nililokuwa nawaambia siku zote."

Mungu wangu, mngeiona timu ile! Mpira ulipokuwa ni wa kumpelekea bosi, na bosi yuko mbali na anangoja, watu wakawa na mbawa. Mhasibu alidaka na kurusha kabla hajatua. Masijala hakuugeuza tena, aliupiga mbele kana kwamba una moto. Tatizo likabaki moja. Mkurugenzi akishaupata, anakaa nao. Lakini hilo Dereva alilitatua bila kufundishwa. Alifika mbio, akamwambia, "Mzee, nikusaidie," kama anavyompokea mkoba kila asubuhi, na Mkurugenzi akaachia bila kufikiri. Dereva akafunga. Makofi akapigiwa Mkurugenzi.

Fainali ilikuwa na Zimamoto, na ilichezwa siku ya kazi. Ofisi ikafungwa mapema, na wananchi waliokuwa kwenye foleni, kwa kuwa hawakuwa na pa kwenda, wakatufuata uwanjani na bahasha zao mkononi. Yule mkubwa mwenye utani naye alikuja, akawekewa kiti chenye kitambaa. Mama alikuwepo pia, amevaa nguo yake ya harusi za watu. Alishawaambia mama zangu wadogo kwamba mimi ndiye ninayeongoza idara.

Zimamoto walikimbia kweli, lakini nasi tulikimbia. Tulikwenda nao bega kwa bega mpaka mwishoni kabisa, ndipo Dereva akatolewa kwa kuzidisha makosa. Aliyebaki kwenye akiba alikuwa mlinzi wa getini. Kazi yake miaka yote ni kusimama, na akaingia uwanjani akasimama.

Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, sekunde zinaisha, Zimamoto wakarusha wakakosa. Mhasibu akapaa, akadaka, akarusha. Masijala akaupokea pembeni, akaupeleka mbele. Afisa Utumishi, ambaye tumbo lake lilikuwa limefika kabla yake, akaunyosha mpaka kwa Mkurugenzi. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile. Zimamoto wote walikuwa nyuma yetu. Mkurugenzi alikuwa peke yake chini ya kikapu na mpira mkononi, hakuna wa kumzuia.

Akautazama.

Uwanja mzima ukapiga kelele, "Tupa!" Akatazama kulia kumtafuta Dereva, akatazama kushoto, akamwona mlinzi amesimama mbali kama yuko getini. Akaukumbatia mpira. Niliiona kazi yangu pale kifuani pake, imebanwa, na Zimamoto wameshafika nusu ya uwanja. Mimi nina mdomo, mama anajua. Lakini ofisini miaka yote niliufunga. Siku hiyo ulifunguka wenyewe.

"Tupa wewe! Maisha yako yote unakalia vitu vya watu! Tupa!"

Alishtuka kama mtu aliyemwagiwa maji. Mikono ikaruka juu yenyewe, mpira ukagonga ubao, ukacheza ukingoni, ukaingia. Filimbi. Tumeshinda.

Sema makofi yalianza kabla ya mpira kuingia. Waliopiga ni wale wa foleni, wanapunga bahasha na kurudia maneno yangu kwa sauti, "Unakalia vitu vya watu!" Yule mkubwa kwenye kiti cha kitambaa alicheka mpaka akavua miwani. Mkurugenzi alipokea kikombe, akahutubia kwamba kasi ile ni matunda ya uongozi wake, akampa mkono kila mchezaji mpaka mlinzi. Mimi akanipita. Mama alinikumbatia huku analia kwa furaha. "Sasa watakuthibitisha," akasema, nami nikamjibu kwamba ndiyo, kwa kuwa neno la mtu mzima ni neno, na kwa kuwa nilitaka sana iwe hivyo.

Siku ya kazi iliyofuata niliwahi. Kikombe kilikuwa kimeshawekwa kwenye kabati la vioo mapokezi, juu ya kichwa changu. Nikajimiminia chai, nikafungua dirisha, foleni ikaanza. Nilikuwa sijamaliza kumhudumia mtu wa kwanza nilipomsikia Dereva anashuka ngazi mbio. Akanipa barua kwa mikono miwili, hakunitazama usoni.

Ilisema nimetumia lugha isiyofaa kwa kiongozi, na kwamba utumishi wangu wa muda umekoma leo.

Nikaisoma tena. Ilikuwa na kila kitu. Sahihi ya Mkurugenzi, muhuri, kumbukumbu ya jalada, hadi uthibitisho wa Mhasibu kwamba sina deni na ofisi. Katika jengo lile nimeona barua ya kuomba balbu ikizeeka mezani. Nikaishika chai yangu, ilikuwa bado inaunguza.

"Hii imeandikwa lini?"

"Sasa hivi, dada." Alikuwa bado anahema. "Mzee kamwita Afisa Utumishi, kaandika palepale amesimama. Kampa Masijala mlangoni. Masijala hata hakukaa, kagonga muhuri kampelekea Mhasibu kwenye korido. Mhasibu katia sahihi ukutani, kanirushia mimi. Mimi nilikuwa nishaanza kushuka."

"Hakuna aliyeuliza inakwenda kwa nani?"

"Hakuna, dada. Nisamehe."

Nilikuwa namfikiria mama, na ndugu wote aliowatangazia, na nilijua nitalia, tena mbele ya foleni nzima. Lakini kabla sijalia nilimshika Dereva bega.

"Vizuri sana," nikamwambia. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nawafundisha."