Mtakatifu Muc wa Inis Dreoilín

Kisiwa cha Inis Dreoilín kilikuwa na kila kitu isipokuwa historia. Mvua ilikuwepo, kondoo walikuwepo, na ugomvi wa mipaka ungetosha visiwa vitatu. Lakini Bodi ya Utalii ilishasema: kisiwa kisicho na kivutio hakipewi boti ya majira ya baridi.

Líadan aliitaka boti hiyo kuliko mtu yeyote. Mama yake alikuwa amelazwa bara, na bila boti hangemwona hadi Machi.

Basi Bwana Prunty wa Bodi alipokuja, kamati ya kisiwa ikamchagua Líadan amtembeze, kwa kuwa yeye ndiye mwenye shahada. Kwamba anaona haya hata mbele ya kondoo wa jirani, hilo halikujadiliwa.

Alimwonyesha kanisa; lilijengwa juzijuzi. Alimwonyesha mnara wa taa, ulishazimwa. Bwana Prunty akapiga miayo. Nyuma yao mjomba Fiachra, mwenyekiti wa kamati, alitokwa jasho kwenye baridi.

Kwenye kona ya shamba la Fiachra mgeni akasimama ghafla. Mbele yake palikuwa na kibanda cha mawe, cha mviringo, na juu ya mlango pamechongwa neno moja: MUC.

"Huyu Muc alikuwa nani?" akauliza taratibu, akivua kofia.

Líadan akageuka kumtazama mjomba. Kwa Kiayalandi, ambacho Bwana Prunty alikisoma shule nzima na kukisahau kwa alasiri moja, muc ni nguruwe. Babu ndiye aliyelichonga juu ya banda la nguruwe wake, siku aliyonunua patasi mpya.

"Mwambie, mwanangu," Fiachra akadakia. "Usimfiche mgeni mtakatifu wetu."

"Mjomba!"

"Anaona haya, Bwana. Mambo ya imani haya."

Líadan akamfikiria mama yake hospitalini, akiutazama mlango wa wodi. "Aliishi humu," akasema. Huo haukuwa uongo. "Alilala chini. Alikula chochote alichopewa. Na mwishowe akautoa mwili wake kwa ajili ya wengine."

Bwana Prunty akafuta machozi. "Na masalia yake?"

"Tuligawana," akanong'ona Líadan.

Fiachra akakohoa sana. "Twendeni tukale, kabichi inapoa."

Boti ikaja Novemba, imejaa mahujaji. Jioni Líadan akasimama gatini na soksi za mama yake mfukoni.

"Imejaa, dada," nahodha akasema. "Wote hawa wana tiketi ya kurudi."

"Hata kiti kimoja?"

"Labda Machi."

Líadan akawatazama mahujaji wakipanda mmoja mmoja, wakichechemea. Uso ukamwaka moto, kisha akaisikia sauti yake mwenyewe, kubwa kuliko alivyowahi kuisikia:

"Poleni jamani! Hamkuambiwa kwamba anayelala kibandani mwa Muc usiku mmoja magoti yake hupona?"

Boti iliondoka na nahodha, Líadan, na viti vitupu.