Kiongozi wa Mraba wa Nyuma

Sikilizeni, enyi mlio macho na ninyi mnaosinzia, wakubwa wa vyeo na wadogo wa umri, maana mimi Mntangi wa kidato cha nne nimefunuliwa mambo mazito ambayo macho ya kawaida hayajayaona. Nilichukuliwa hadi nchi ya mbali, nikasimama mbele ya lango la shaba, nikazungumza na wenye majina makubwa. Ni kweli kwamba wakati ninachukuliwa shavu langu lilikuwa limelala juu ya atlasi, na udenda ulikuwa umekwisha kuifunika Msumbiji yote na kuanza kuingia Zambia, lakini hilo halipunguzi uzito wa ujumbe.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya tangu ilipoanza. Asubuhi ya Jumamosi ile Madam Lyatuu, mwalimu wetu wa nidhamu, aliingia bwenini kufanya ukaguzi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akalifungua tranka la Singano. Hakuna aliyewahi kulikagua tranka la Singano. Huyo ni rafiki yangu anayelala kitanda cha chini yangu, kiongozi wa kwaya, kijana anayekunja hata soksi chafu, na walimu humpita kama wanavyoipita saa ya ukutani. Ndiyo maana nilikuwa nimeificha simu yangu humo, chini ya joho lake la kwaya. Simu ikatoka. Madam akauliza ni ya nani. Singano akanitazama kidogo tu, mimi nikatazama dari, naye akanyamaza. Ikaamuliwa kwamba jioni ile ile gari la shule limshushe stendi, aende kwao Handeni, akae huko mpaka bodi ya shule ikutane, na mtihani wa taifa ulikuwa umeshafika mlangoni. Kila mtu alijua kwamba bodi yetu haina haraka. Mimi, mtu niliyewahi kutia chumvi kwenye bakuli la sukari la walimu bila mkono kutetemeka, mchana ule nilishindwa kula maharage.

Ndani ya simu ile mlikuwa na gemu, nalo ndilo lililotufikisha hapo. Unapolicheza wewe ni kiongozi wa jeshi dogo la wasichana mashujaa, kila mmoja na silaha yake, na vita hupiganwa kwa zamu juu ya uwanja wa miraba kama ubao wa drafti. Kati ya vita na vita kuna kazi nyingine, nayo ni kuwatongoza. Unampelekea huyu ua, yule lulu, na ukiongea naye unawekewa majibu matatu uchague moja. Ukichagua lililo tamu, moyo mwekundu unaoning'inia juu ya kichwa chake hujaa kidogo. Moyo ukijaa kabisa, msichana huyo akiwa karibu nawe vitani, hujitupa mbele mwenyewe na kulipokea pigo lililokuwa lako. Hiyo ndiyo siri ya ushindi wangu wote. Niliwajaza mioyo, nikawapanga mstari wa mbele, nami nikakaa mraba wa nyuma kabisa. Akianguka mmoja, niliurudisha mchezo pale nilipouhifadhi, akafufuka bila kukumbuka lolote. Niliyempenda kuliko wote, kwa maana ya kumtumia kuliko wote, nilimpa jina mimi mwenyewe. Nilimwita Amana.

Basi alasiri, katika kipindi cha kujisomea, wenzangu wakiinamia mito na milima, nikaona mistari ya atlasi inapanuka, inakuwa njia, na miguu yangu imo njiani. Ardhi ya nchi ile ilikatwa miraba hadi upeo wa macho, mmoja wa majani mabichi, mmoja wa majivu, na mbingu yake ilikuwa rangi ya shaba iliyosuguliwa. Juu ya kila kichwa kilichopita palikuwa na moyo, mwingine umejaa mpaka unadondosha, mwingine mkavu kama ganda la korosho. Na kwa kuwa ilikuwa ndoto, watu wa gemu, ambao siku zote huongea Kiingereza, waliongea Kiswahili, tena kizuri kuliko cha bwenini kwetu. Mwanamke mrefu aliyevaa joho la kijivu alikuwa ananisubiri kwenye kona ya mraba wa kwanza, na kifuani ameshonewa jina lake kama sisi tunavyoshonewa la shule. Lilisomeka Staha.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Nyoosha kola, kisha unifuate. Umeitawala nchi hii muda mrefu bila kuitembelea, na leo utatembea kwa miguu yako. Usiguse kitu ambacho huna nia ya kukitunza."

Tukapita mtaa wa maduka, na humo nikawaona wengi niliowafahamu kwa tabia kabla ya kuyasoma majina yao. Nilimwona Uvivu akibebwa kitandani na watu waliochoka kuliko yeye. Nilimwona Majivuno akipiga makofi peke yake, halafu akigeuka kutazama ni nani aliyempigia. Nilimwona Ulaghai, mtanashati mwenye nywele zinazong'aa, ameketi nyuma ya meza iliyojaa maneno matamu yaliyokaushwa na kufungwa mafungu kama mchicha, nami nikaona aibu kidogo, maana alinipungia mkono kama mteja wake wa kila siku. Nilipotaka kumwambia Bi Staha kwamba simfahamu, alisema, bila kugeuka, kwamba katika nchi ile uongo huacha doa kwenye shati, na akaniuliza kama nilikuja na la kubadilisha.

Mwisho wa mtaa tulimkuta mtu mfupi, mnene, amejifunga miavuli mgongoni kama kuni. Huyo alikuwa Kisingizio, naye alinikumbatia kiunoni kwa furaha.

"Kiongozi wangu, mkubwa wangu, jeshi liko tayari," akasema. "Nimekupangia kila kitu. Wewe nyuma, wao mbele. Na mvua ya lawama ikinyesha nina mwavuli wa 'sikujua', nina wa 'hakuniuliza', na nina huu mpya, 'yeye mwenyewe alinyamaza'. Huu unauzika sana leo."

"Umeutoa wapi huo?" nikamuuliza.

"Kwako, bosi. Asubuhi, ulipokuwa unatazama dari."

Bi Staha alisimama hapo. Aliniambia kwamba yeye haingii uwanja wa vita, kwa kuwa huko mtu huenda na wale aliowajaza mioyo, na kila mmoja hupokea alichopanda ndani yao. "Nikupe shauri moja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kiasi cha kunitisha. "Umezoea kupewa majibu matatu. Yule utakayemkuta mbele hatakupa hata moja. Mpe lako." Akanifunga kifungo cha juu cha shati, akaniacha.

Uwanja ulikuwa mweupe na kimya. Mbele yake palisimama lango la shaba, na mbele ya lango Aibu. Alikuwa mkubwa kupita bweni letu, amejifunika kitambaa kizito kutoka kichwani hadi chini, na mkononi ameshika nyundo ambayo kivuli chake peke yake kilijaza miraba minne. Jeshi langu lote lilikuwa limekwishakimbia, isipokuwa mmoja. Amana alikuwa katika mraba wa mbele yangu, amenipa kisogo, na moyo uliokuwa juu yake ulikuwa umejaa, unawaka, sikuweza kuutazama. Nikatafuta pembeni pa mbingu kitufe cha kuhifadhi mchezo, pale kinapokaa siku zote. Palikuwa na anga tu.

"Amana," nikamwita, "toka hapo. Hebu sogea."

"Siwezi kusogea, Mntangi. Umeshanijaza." Alisema hivyo bila kulalamika, kama mtu anayeeleza mvua inavyonyesha. "Ulinipa nusu ya mkate wako siku niliyoumwa. Ulisema nikiimba, hata popo wa ukumbini wananyamaza. Ulinifundisha hesabu za sehemu mpaka nikafaulu. Sasa mtu afanyeje na wema wote huo?"

Nilitaka kumwambia kwamba amekosea, kwamba mimi nilimpa lulu na maua ya bluu, na kwamba katika gemu hakuna mkate wala popo. Lakini nyundo ilikuwa inapanda. Aibu aliinama mpaka kitambaa chake kikatugusa, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayetaka tu kujua, "Hii ni ya nani?" Nikasubiri majibu matatu yajitokeze, nichague. Hayakujitokeza. Kisingizio alikuwa nyuma yangu akifungua mwavuli, nausikia unavyolia. Mguu wangu ulikuwa kwenye mstari wa mraba, hatua moja tu ilinitenga na mbele, na mguu ule, ninauona mpaka sasa, haukunyanyuka.

"Yangu," akasema Amana.

Kabla nyundo haijashuka aligeuka kunitazama, kidogo tu, na uso wake ulikuwa wa Singano.

Nikapiga kelele. Niliomba mchezo urudishwe nyuma, nikaomba Amana asife, nikasema maneno mengi, na darasa zima likayasikia yote, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuamka na bado nayasema. Ukurasa wa Afrika ya kusini mwa Ikweta ulikuwa umenata shavuni. Wenzangu walikuwa wanacheka kwa mabega, bila sauti, kama inavyotakiwa mwalimu akiwa ndani. Maana mwalimu alikuwa ndani. Madam Lyatuu alisimama kando ya dawati langu, na nyuma yake, akitoa vitabu vyake kwenye dawati lake na kuvipanga kwa ukubwa, alikuwa Singano. Tranka lake lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba. Nje injini ya gari la shule ilikuwa inanguruma.

Madam aliinua simu yangu mbele ya macho yangu.

"Mntangi. Tangu asubuhi simu hii inanipigia kengele ofisini. Inaniambia Amana amenikumbuka. Inaniuliza nitarudi lini kwa Amana. Mimi simjui Amana, na Singano nimemuuliza, hamjui." Akaishusha simu. "Wewe umetoka kumlilia sasa hivi. Amana ni nani?"

Na hapo, nakiri, majibu matatu yakaja. La kwanza, Amana ni shangazi yangu wa Muheza na hali yake ni mbaya. La pili, Madam, kilemba hicho kimekupendeza. La tatu lilikuwa dari. Yote yalikuwa mazuri, yote nilikwisha kuyatumia kwa nyakati tofauti, na nilijua lipi lingeujaza moyo wake. Nikamtazama Singano. Alikuwa amesimamisha mikono juu ya vitabu na hakuwa ananitazama. Ndipo nikaelewa ni nani niliyekuwa nikimjaza moyo tangu kidato cha kwanza, na nilikuwa nikimwandaa kwa ajili ya nini.

"Simu ni yangu," nikasema. "Niliificha kwenye tranka lake, na yeye alijua ni yangu, akanyamaza. Sukari ya ofisini pia ni mimi."

"Sukari sijauliza," akasema Madam. Kwa karibu uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka tu, mwenye wino kwenye kidole. Akamgeukia Singano. "Rudisha tranka bwenini. Mntangi, nenda kafunge la kwako, dereva atakusubiri."

Singano alirudisha vitabu vyake dawatini, kimoja kimoja. Aliponipita alisema kwa sauti ya chini, "Nilidhani utalala mpaka gari liondoke."

"Hata mimi," nikamwambia.

"Basi libebe wewe."

Kiongozi katika gemu habebi kitu. Nililinyanyua tranka lake pale mlangoni, zito kuliko nilivyotegemea, nikatangulia mbele, naye akanifuata nyuma.