Siku ya Rangi Bila Mama

Mama alifariki kabla theluji haijaisha, na shule zilipofungwa kwa likizo, sekondari yetu ya Corliss ikafungwa moja kwa moja. Wanafunzi waliobaki hawakujaza hata basi moja. Wakahamishiwa Brandt, mji wa jirani ambao tumegombana nao kwa mpira tangu enzi za babu zangu.

Baba yangu, Orrin, na mama, Lavonne, walijuana shuleni Siku ya Rangi. Ijumaa ile ya vuli, kabla ya mechi kubwa, Corliss nzima ilivaa rangi ya machungwa, hadi mbwa. Moto uliwashwa nyuma ya shule, na baba, akiwa kijana wa mwaka wa mwisho, akapanda juu ya trela na kuiita timu yetu kwa jina lake, akinguruma: "Dubu wako wapi?" Watu hawajavuta hata pumzi, msichana mmoja mwembamba akapaza sauti: "Wako hapa, na wana njaa!"

Tangu siku hiyo jibu likawa lake. Walioana, wakanizaa, wakazeeka, na kila vuli baba aliuliza, mama akajibu, ndipo mji mzima ukafuata.

Vuli hii nilimbembeleza aje kwenye mechi ya Siku ya Rangi huko Brandt, ninakofundisha sasa.

"Nivae kijani cha Brandt? Marlys, bora unizike."

"Vaa unachotaka, baba. Ila toka humo ndani."

Akaja na koti lake la machungwa. Kwenye jukwaa la watazamaji alimkuta Delmar Voss, mzee wa Brandt waliyepambana naye uwanjani ujanani.

"Wee Orrin! Umepotea, au umekuja kujifunza kushinda?"

"Nimekuja kukuonea huruma," baba akamjibu. Nilifurahi kumsikia.

Kisha bendi ikanyamaza kidogo. Nadhani yalikuwa mazoea tu. Baba alisimama, akaweka viganja mdomoni: "Dubu wako wapi?"

Vijana wakageuka, wengine wakacheka. Watoto wa Corliss, ndani ya fulana zao mpya za kijani, wakainamisha macho. Jibu nilikuwa nalijua. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Baba akabaki amesimama, akisubiri.

Delmar akamshika mkono. "Kaa, ndugu yangu. Kaa."

"Alikuwa anajibu upesi," baba akamwambia. "Hata sijamaliza kuuliza."

"Najua. Sisi tulikuwa tunamsikia mpaka upande wetu."

Hapo baba akalia. Makaburini hakulia, wala siku tulipogawa nguo za mama. Alilia mbele ya Brandt nzima, na Delmar akamkinga kwa mgongo wake ili watoto wasimwone.

Nilimrudisha nyumbani kabla mechi haijaanza. Mlangoni akaniambia, "Mwakani usinialike, mwanangu."

Nikasema sawa. Nikapasha supu ya kopo, tukala jikoni, na hakuna aliyewasha redio kusikia nani ameshinda.