Aliyekuwa Ndani ya Deraya

Katika kitabu cha katuni kilichotoka kila mwezi, Bwana Deraya alikuwa mtu wa kufungua milango. Jemedari Kimondo ndiye aliyeruka, akapasua mawingu, akaokoa mji mzima kabla ya chai ya saa nne. Bwana Deraya alibaki chini kumshikia joho. Zamani alikuwa komba, yule mnyama mdogo wa kwenye miti, mwenye macho kama visahani na kilio kama cha mtoto mchanga. Siku moja aliingia bila hodi katika mtambo wa mwanachuoni mmoja, akalala humo, na alipoamka alikuwa amerefuka, anasimama kwa miguu miwili, ana adabu na upanga. Akavikwa chuma toka utosini hadi nyayoni, na habari zake zikaishia hapo. Watoto walimwandikia Kimondo barua kwa magunia. Bwana Deraya, kwa miaka sita, alipata barua moja tu, na yenyewe ilikuwa inauliza anakwendaje chooni.

Raba alimpenda kuliko wote.

Hilo la Raba si jina alilopewa na mama yake, ni kazi iliyomwita hivyo. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la mabomba, na meza tatu zilipangwa mstari mmoja chini ya dirisha. Ya kwanza ilikuwa ya mjomba wake, aliyechora kwa penseli. Ya pili ilikuwa ya kijana mmoja mdomo mwingi aitwaye Wino, aliyepitisha wino juu ya mistari ya mjomba. Ya tatu ilikuwa yake. Wino ukishakauka, yeye alifuta penseli yote iliyobaki chini, akapangusa vumbi la raba kwa brashi, ukurasa ukabaki umetakata kama sahani iliyooshwa. Ni kazi ya subira. Ukisugua kwa pupa unaichubua karatasi, na karatasi iliyochubuka haina dawa.

Kwa kazi hiyo aliona kitu ambacho hakuna msomaji aliyekiona. Mjomba hakuwa akichora deraya hivi hivi. Alianza kwa komba mzima, na mkia wake, amejikunyata. Kisha ndipo akamvika chuma juu. Wino alipitia chuma peke yake. Komba alibaki wa penseli, na Raba akamfuta. Kila mara, kabla hajashusha raba, alimwamkia kimoyomoyo.

"Mjomba, unajichoshea nini?" aliwahi kumuuliza. "Si mimi nitamfuta tu?"

"Ukimfuta hatoki, mama. Yumo. Aliyechorwa amechorwa." Mjomba alikuwa akichonga penseli, hata hakuinua uso. "Ila ukisimamisha chuma kitupu, umetundika kibao kwamba chumba kinapangishwa."

"Na wapangaji wa siku hizi walivyo wakorofi!" Wino akadakia, wote wakacheka.

Mwaka ule mkono wa mjomba ulianza kutetemeka. Mwanzoni alisema ameulalia. Baadaye akasema ni baridi ya asubuhi, na baadaye hakusema kitu, akawa anashika kiwiko cha kulia kwa mkono wa kushoto ili mstari uende sawa. Raba aliyaona yote hayo akanyamaza. Mjomba ndiye aliyemchukua alipomaliza darasa la saba, akamlea, akamtafutia na kazi. Mwenyewe hakuoa, hakuzaa, hakuwa na mbele wala nyuma. Alikuwa na meza ile. Na mhariri, mwenye ofisi, hakuwa mtu wa kubembeleza: mchoraji aliyemtangulia mjomba alimwagiwa unga kwa sababu ya miwani tu.

"Akijua, mama, mimi nimekwisha," mjomba alimwambia nyumbani, akiutazama mkono wake kama mgeni aliyekaa siku nyingi. "Nitaketi wapi?"

Wakakubaliana. Watakuja kazini mapema, kabla ya wenzao. Mjomba atamchora Kimondo polepole, kwa mikono miwili. Bwana Deraya atachorwa na Raba, maana nani anamwangalia Bwana Deraya?

Jumatatu ya kwanza ya mpango huo walikuwa na kurasa tatu za kumalizia toleo. Raba alichora huku sikio lake likiwa kwenye ngazi. Deraya aliijua kama kiganja chake. Miaka sita ameizunguka na raba, kila njumu, kila kiungo. Alianza na kofia, akaja mabega, akaja glavu za chuma. Komba hakumchora. Saa zilikuwa zinakimbia, na akajiambia: nichore kitu ambacho ni mimi huyu huyu nitakifuta mchana? Si uwendawazimu? Kurasa tatu zilikwisha kabla viatu vya Wino havijagonga ngazi, na deraya zote zilikuwa zimesimama wima, nzuri, hazina mtu.

Mchana Wino alimsogezea ukurasa wa kwanza. Raba akachukua raba, akainama, akasita.

Ndani ya glavu ya kulia kulikuwa na mkono.

Ulikuwa wa penseli, mwepesi, umechorwa na mtu anayejua. Haukuwa mkono wa komba. Ulikuwa mkono wa mtu mzima, mishipa imesimama, kidole cha mwisho kimepinda kwa nje. Mjomba alibanwa na mlango ujanani, na kidole chake cha mwisho kimepinda vile vile.

Akageuka, akanong'ona, "Mjomba, umeongeza kitu kwa Deraya?"

"Mimi? Hata mstari wa upeo umenishinda leo."

Basi labda amechora akasahau, Raba alifikiri. Mzee ana mawazo mengi. Akafuta. Ilichukua dakika mbili. Alipokuwa anapangusa kwa brashi alisikia kikombe kikipasuka sakafuni.

"Pole, mzee!" Wino aliruka kuokoa karatasi zake. "Leo chai imekukataa?"

Mjomba alikuwa anautazama mkono wake wa kulia. Ulikuwa umelala juu ya meza, kiganja juu, kama glavu iliyovuliwa. Hautetemeki tena. Alijaribu kuuinua, bega likaja, mkono ukaburutika nyuma yake. Raba akamwambia Wino kwamba mjomba ana ganzi, imeshawahi kumpata. Mjomba akauficha mfukoni kwa kuusukuma na mkono wa kushoto.

Saa nane ulikuja ukurasa wa pili. Safari hii ulikuwa mguu, kuanzia goti kushuka chini, ndani ya bati la muundi. Raba aliutazama sana. Mtu akijua jambo, huwa amelijua kabla hajakubali. Na yeye alikuwa hajakubali. Mpanda pikipiki wa kiwanda cha uchapaji alikuwa amekwishafika, anangoja mlangoni na mkoba wake. Mhariri alikuwa anapita nyuma ya viti, anagonga saa yake kwa kucha. Akafuta. Alifuta macho yake yakiwa kwa mjomba, na alipofika kwenye kifundo cha mguu alimwona mjomba akitazama chini ya meza, taratibu, kama anayetafuta kitu kilichomdondoka.

Mhariri akazichukua kurasa mbili, akazitia kwenye bahasha ya kiwanda pamoja na nyingine, akamkabidhi mpanda pikipiki ashuke nazo, akabaki anangoja ya tatu. Raba alijisogeza mpaka kwenye kiti cha mjomba.

"Mjomba, nimekosa. Komba sikumchora."

"Hukumchora wapi?"

"Popote. Kurasa zote tatu."

Mjomba hakumkemea. Ingekuwa afadhali angemkemea. Alisema kwa sauti ya chini kabisa, "Ulikisimamisha kitupu, na mimi nimekaa hapa hapa karibu." Kisha akauliza, "Ukurasa wa tatu uko wapi?"

"Uko kwa Wino."

"Mwambie aache."

Lakini Wino alikwisha inuka, anaupepea ukurasa ukauke. "Huu hapa, dada. Kazi safi, Deraya katoka kibabe."

"Ulipopiga wino ulikuta kitu ndani yake?"

"Ndani ya chuma? Nilikuta giza na njaa." Akacheka mwenyewe.

Kwenye ukurasa wa tatu Bwana Deraya alikuwa amefungua kifuniko cha kofia ili aseme maneno mawili: "Njia nyeupe." Na ndani ya kofia kulikuwa na uso wa mjomba. Paji lake, nywele zake zilizorudi nyuma, mikunjo miwili ya pua. Macho hayakumtazama Jemedari Kimondo kama picha ilivyotaka. Yalimtazama Raba.

"Haya, futa," mhariri alisema.

"Bosi, huu una kasoro. Acha tuuchore upya."

"Tuuchore upya? Pikipiki inanguruma pale chini, unaniambia upya? Hebu nione." Akainama juu ya bega lake. "Nani kachora sura hapa? Deraya hana sura. Haya mambo gani? Lete raba."

"Bosi, nakuomba."

"Lete!"

Aliipokonya mezani. Mhariri hakuwa na mkono wa kazi hiyo. Aliisugua kama mtu anayesafisha sufuria. Mara moja, mara mbili, na mdomo wa ule uso ukatoka wote.

Nyuma yao mjomba alikuwa ameanza kusema, "Bwana mhariri, ni mimi niliye..." na sauti ikakatika hapo. Haikuisha kama sauti ya mtu anayenyamaza. Ilikatika kama redio inapochomolewa. Wino aligeuka. Mjomba alikuwa bado anasema. Koo lilipanda likashuka, taya likafanya kazi, na hakikutoka kitu, hata pumzi.

Raba aliuvuta ukurasa chini ya mkono wa mhariri, akaukumbatia kifuani kwa ule upande usio na kitu.

"Nimechora mimi!" alipiga kelele. "Mjomba mkono umemshinda toka zamani. Leo nimeanza kumchorea. Tufukuze, lakini huu haufutwi!"

Mhariri alimtazama, akamtazama mzee anayetafuna hewa. Kisha akasema lile alilolizoea.

"Tokeni. Wote wawili. Na sitaki kuwaona tena hapa."

Siri waliyoilinda iliishia hivyo, mchana kweupe, mbele ya Wino aliyekuwa amesimama mdomo wazi na kalamu inamchuruzikia wino kwenye kiatu. Pikipiki ilikuwa imekwisha ondoka na kurasa mbili bila kuingoja ya tatu. Mkono na mguu wa mjomba vilikuwa njiani kwenda kwenye mtambo wa kuchapa, vikatolewe maelfu kwa maelfu, na hakuna mtu ambaye angevirudisha. Raba alimshika kiunoni, wakateremka ngazi moja moja, yeye akiwa ameubeba ukurasa kwa vidole viwili mbele yao kama trei ya mayai.

Nyumbani alimketisha mjomba kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akaulaza ukurasa mezani. Penseli ni kitu dhaifu. Shavu la kushoto lilikwisha anza kufifia pale kidole gumba cha mhariri kilipopita, na shavu la mjomba lilikuwa limepauka upande huo huo.

Akafunga macho, akapitisha ncha ya kidole pale palipokuwa na mdomo. Karatasi haisahau haraka. Penseli ikikandamizwa inaacha mfereji, mwembamba kuliko unywele, na raba huondoa weusi tu. Aliusikia mfereji. Mdomo wa juu ulikuwepo. Wa chini ulikuwepo nusu. Nusu nyingine mhariri ameichubua, hapakuwa na kitu ila manyoya ya karatasi.

Mjomba alimsukumia penseli kwa mkono wa kushoto. Akamwashiria kwa kichwa: chora.

"Na nikikosea?"

Akamwashiria tena.

Raba alipiga moyo konde. Alichora akifuata mfereji, hapumui. Mdomo wa juu ulikuja wenyewe. Wa chini ulikwenda vizuri hadi katikati, na hapo njia ikaisha, ikambidi aende peke yake. Alijitahidi kuukumbuka mdomo wa mjomba. Lakini mtu hachori anachokumbuka, huchora anachokijua mkono, na mkono wake ulienda pembeni ukakunja kidogo, kama unavyokunja mdomo wake yeye mwenyewe, ukamaliza.

Akaweka penseli chini. Mjomba akalamba midomo. Ikasikika pumzi, kisha kikohozi. Raba akashusha bega, machozi yakamlenga. Alitaka kumwomba radhi. Alikuwa bado anayapanga maneno kichwani, nisamehe, mjomba, sikujua, nilikuwa na haraka tu.

"Nisamehe, mjomba," mjomba alisema. "Sikujua. Nilikuwa na haraka tu."

Sauti ilikuwa yake, ile ile nzito. Raba aligusa mdomo wake mwenyewe. Ulikuwa umefumba.

Akafikiri, huyu si yeye.

"Huyu si yeye," mjomba akasema kwa upole, na macho yake, ambayo hakuna aliyeyagusa, yakajaa hofu.

Raba akarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Akajaribu kutokufikiri neno lolote, hata moja. Na mjomba akanyamaza naye, mdomo wazi kidogo, akimtazama, akingoja.